Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Polisi Inayokataa Risasi

SWALI: Ninaishi Birmingham, Uingereza, na nina cheti halali cha kumiliki bunduki ya marisau. Mnadani nimenunua bunduki ya W.W. Greener iliyotumiwa na polisi wa Misri. Risasi za kipimo cha 12 haziingii, na mwenzangu klabuni ananishauri nitumie za kipimo cha 16 nilizozizungushia karatasi. Je, ni salama?

JIBU: La, tafadhali usithubutu. Hila hiyo ni ya zamani kuliko mwenzako, na bunduki yako huenda iliundwa mahususi ili kuizuia. Waingereza walipowapa silaha walinzi wa vijiji vya Misri, waliogopa kwamba bunduki ikiibwa ingegeuzwa kuwapiga wao, kwa hiyo kiwanda cha Greener kikatengeneza risasi ya pekee ya kipimo cha 14 (namba ya kipimo ikiwa kubwa, risasi huwa nyembamba), ambayo haikuuzwa dukani. Wezi nao hawakulala: walichukua risasi nyembamba zaidi, wakazinenepesha kwa karatasi, zikafyatuka.

Jibu la kiwanda lilikuwa toleo la Mark III. Hakikisha kwanza kwamba bunduki ni tupu, kisha sukuma wenzo ulio chini ili kizibo cha chuma kishuke, na umwombe fundi akuonyeshe pini inayogonga risasi: katika toleo hilo ina meno matatu. Kitako cha risasi yake halisi kina mfereji wa duara ambamo meno mawili ya pembeni huzama, hapo ndipo la kati linapogusa fataki, yaani kiwashio kilicho katikati ya kitako. Kwenye risasi ya kawaida hayo mawili hugota kwenye chuma, na la kati halifiki. Ikiwa yako ni toleo la awali lisilo na kinga hiyo, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ganda lisilobanwa vizuri na chemba, yaani tundu la mtutu linalopokea risasi, linaweza kupasuka na kurudisha moto usoni.

Zipo zilizochongwa upya kupokea kipimo cha 12, lakini bunduki iliyobadilishwa hivyo sharti ijaribiwe upya na kupigwa mihuri na ofisi ya upimaji wa mitutu, iliyopo mjini kwenu, kabla ya kuuzwa. Mimi nisingeibadilisha. Risasi za asili ni adimu na wakusanyaji huzinunua kwa bei ya kuumiza, hata hivyo bunduki iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, mbao zake zikiandamana na mtutu karibu hadi mdomoni, ndiyo wanayoitafuta.