Kinyonga jike amegoma kula na anakwangua sakafu ya tundu

Swali: Daktari, nafuga kinyonga jike wa Yemen, ana miezi minane na hajawahi kukutana na dume. Tangu juzi hali chakula, ameshuka kutoka matawini na anashinda akikwangua pembe za tundu. Ubavuni ana vinundu. Nimpe dawa gani?

Jibu: Kwa maelezo yako, dawa bado. Anatafuta pa kutagia. Majike wa aina hii hutaga hata bila dume, kama kuku, ila mayai hayo hayaanguliwi. Vinundu unavyoviona ndiyo mayai yenyewe. Linalotakiwa haraka ni mchanga, kwa sababu jike asiyepata mahali panapomridhisha huyazuia mayai tumboni, na yakikwama humuua.

Tafuta ndoo isiyopitisha mwanga, yenye upana wa sentimita 30 hivi. Jaza mchanga safi, au mchanga uliochanganywa na udongo usiotiwa mbolea, ufike kina cha sentimita 20 hadi 30. Wengi hukosea kwenye unyevu. Kamata konzi moja uiminye: bonge lishikamane, lakini maji yasichuruzike. Kisha toboa shimo kwa kidole. Kuta zikiporomoka, ongeza maji kidogo kidogo, maana atachimba handaki na kuingia humo mwili mzima, likimwangukia atalisusa. Iweke ndoo ndani ya tundu na uegemeze tawi la kushukia.

Baada ya hapo, mwache. Funika pande za tundu kwa kitambaa na umchungulie kwa mbali, kwani akigundua anatazamwa huacha shimo alilokwisha kulichimba. Kazi inaweza kuchukua siku moja au mbili, na usiku anaweza kulala humo humo shimoni, usimtoe. Akimaliza hufukia mwenyewe. Atatoka amekonda, amejaa mchanga na ana kiu kali: mnyunyizie maji kwa muda mrefu, umpe wadudu waliopakwa unga wa kalsiamu.

Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo ukiona anafumba macho mchana, amelala chini hana nguvu, miguu inatetemeka, anajikamua bila kutoa yai, au ametaga machache kisha akaishia hapo na vinundu bado vipo. Atapigwa eksirei, na huenda akahitaji kalsiamu ya sindano au hata upasuaji. Tafadhali usimkande tumbo nyumbani. Yai likipasukia ndani, tatizo linakuwa jingine kabisa.

Kwa siku za mbele, angalia sahani yake. Jike anayelishwa kupita kiasi na kuwekewa joto kali hutunga mayai mengi mno, pengine zaidi ya 60 kwa mkupuo mmoja, na kila mkupuo unachota kalsiamu kwenye mifupa yake. Akishakomaa, wadudu wachache kila baada ya siku moja wanamtosha, pamoja na taa ya UVB (inayotoa mionzi kama ya jua) inayofanya kazi. (Wenye kinyonga wa Jackson wasihangaike na ndoo, huyo huzaa watoto hai.)

Mayai yakishatoka yafukue uyatupe, lakini ndoo ibaki tunduni. Anaweza kutaga tena baada ya miezi michache.