Tumeweka DNS ya kuchuja lakini wanafunzi bado wanapenya. Je, tununue kifaa cha kuzuia maneno?

SWALI: Mtaalamu, ninasimamia maabara ya kompyuta 30 katika shule ya sekondari. Tuliweka DNS ya kuchuja, 1.1.1.3, kwenye ruta (DNS ni huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na hii inakataa majina ya tovuti chafu). Wiki za mwanzo mambo yalitulia, lakini sasa wanafunzi wanafungua tovuti za ngono kama kawaida. Amekuja muuzaji na kifaa cha kuunganisha kwenye ruta. Anasema kina orodha ya maneno machafu zaidi ya 10,000 na kinazuia kwa asilimia 100. Mkuu wa shule yuko tayari kulipa. Je, kitatusaidia?

JIBU: Mwalimu, mwombe mkuu wako asilipe.

Kifaa hicho hakitayaona hayo maneno. Karibu tovuti zote siku hizi zinatumia HTTPS, yaani mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yamesimbwa. Kifaa kilichokaa njiani kinaambulia jina la tovuti tu. Hakijui ukurasa gani umefunguliwa, neno gani limetafutwa wala picha gani imeonekana. Ni bahasha iliyofungwa: anwani unaisoma, barua huioni. Orodha iwe na maneno 10,000 au milioni, hakuna kitu cha kuyalinganisha nayo. Muuzaji anayeahidi asilimia 100 ama hajui hilo, ama analijua na ananyamaza, na sijui lipi ni baya zaidi.

Maneno yanaweza kusomwa ndani ya kivinjari chenyewe, kwa kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kilichowekwa kwenye kila kompyuta. Hata hapo orodha ya maneno inaleta hasara kuliko faida. Chukua neno moja tu, «uchi». Limo ndani ya Uchina, ndani ya uchimbaji wa madini, ndani ya mbegu kuchipua. Mwanafunzi wa jiografia anafungiwa ukurasa, wa biolojia naye anafungiwa, na anayesoma kuhusu magonjwa ya ngono au saratani ya matiti hafiki popote. Wakati huohuo tovuti ya video isiyo na maandishi yoyote inapita, na maneno ya mtaani ya wanafunzi, yanayobadilika kila muhula, hayamo kwenye orodha. Kasoro hii ni ya zamani. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walikataliwa kufungua akaunti za kampuni ya intaneti ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi zinazounda tusi. Bado inauzwa kama teknolojia mpya.

Sasa tuje kwenye maabara yako. DNS uliyochagua haina ubaya. Imepitwa tu, kwa sababu kuiandika kwenye ruta ni kuipendekeza kwa kompyuta, si kuilazimisha. Mwanafunzi anayeandika 8.8.8.8, DNS ya Google isiyochuja, kwenye mipangilio ya mtandao amekwisha kutoka. Ndiyo maana wiki za mwanzo zilikuwa shwari: hakuna aliyekuwa amegundua, kisha mmoja akajua na kuwaonyesha wenzake.

Anza na ruta. Weka kanuni kwenye ngome yake (firewall) kwamba ombi lolote la poti 53, mlango ambao maombi ya kawaida ya DNS hupitia, kwa njia zote mbili za UDP na TCP, linaloelekea nje lirudishwe kwenye 1.1.1.3 hata kama kompyuta imeandikiwa anwani nyingine. Ruta ikiwa haina uwezo huo, badilisha ruta. Hapo ndipo pesa ya mkuu inafaa kwenda. Funga poti 853, inayotumiwa na DNS iliyosimbwa. Halafu angalia IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaponaswa: wanachuja IPv4, mfumo wa zamani, kwa uangalifu, huku mtoa huduma akigawa DNS yake mwenyewe kupitia IPv6, na maombi yanapita huko bila kuguswa. Ama uweke kanuni zilezile kwa IPv6, ama uizime kwenye mtandao wa wanafunzi.

Kupima huhitaji kufungua tovuti chafu mbele ya mtu. Cloudflare, wenye hiyo 1.1.1.3, wametenga jina la majaribio. Kaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi, kwa akaunti ya mwanafunzi, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika nslookup nudity.testcategory.com 8.8.8.8. Jibu likiwa 0.0.0.0, kanuni yako inafanya kazi, maana ombi lililoelekezwa kwingine limerudishwa kwenye kichujio. Ukipata anwani ya kawaida, bado kuna tundu.

Lango linalofuata liko kwenye kivinjari. Chrome na Firefox zinaweza kutuma maombi ya DNS ndani ya HTTPS, poti 443, ileile ya tovuti zote. Huwezi kuifunga bila kuua intaneti nzima, kwa hiyo kazi hii inafanyiwa kwenye kompyuta. Katika sera za Chrome, yaani mipangilio ambayo msimamizi huilazimisha na mwanafunzi hawezi kuibadilisha, weka DnsOverHttpsMode iwe off, IncognitoModeAvailability iwe 1 ili hali fiche isipatikane, na ExtensionInstallBlocklist iwe * ili kiendelezi chochote ambacho hujakiruhusu kisiingie. Hiyo ya tatu usiiache kabisa. VPN za bure, yaani huduma zinazopitisha mawasiliano yote kwenye seva ya mtu mwingine, zikiwekwa kama viendelezi ni njia inayopendwa sana, zinachukua sekunde chache, na mwenye VPN hiyo anaona kila tovuti anayotembelea mtoto. Ukimaliza, fungua chrome://policy uhakikishe sera zote tatu zimesomwa. Firefox ina faili lake, policies.json, lenye mipangilio ya namna hiyo. Kama huihitaji, iondoe.

Sera hizo hazina maana mwanafunzi akiingia kwa akaunti ya msimamizi. Mpe akaunti ya kawaida. Hata hivyo kuna vivinjari vinavyoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, kwa hiyo tumia AppLocker au zana inayofanana nayo kuruhusu programu zilizomo ndani ya folda za Windows na Program Files pekee. Weka nenosiri kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayoanza kabla ya Windows, uzime kuwasha kompyuta kwa flashi, na kompyuta zikiwa na waya, zima kadi zake za Wi-Fi hukohuko. Vinginevyo mwanafunzi atawasha simu yake, agawe data, na kompyuta ya shule itakuwa imehamia mtandao ambao huna mamlaka nao. Simu yenyewe yenye data yake hakuna ruta itakayoichuja. Hilo linaamuliwa na kanuni za shule kuhusu simu.

Kutafuta picha ni suala jingine, kwa kuwa Google haifungwi na kichujio cha tovuti. Kwenye sera za Chrome washa ForceGoogleSafeSearch, na ForceYouTubeRestrict iwe 2 kwa kiwango kikali. Kiwango hicho huficha pia masomo mazuri. Walimu wakilalamika, shusha iwe 1.

Kisha geuza meza. Kompyuta zikipangwa kuzunguka kuta, skrini zikitazama katikati ya chumba, mwalimu mmoja akisimama anaziona zote 30. Na mwanafunzi anayekuja kusema ameona kitu kibaya asiadhibiwe. Ukimwadhibu mmoja, hutaletewa taarifa nyingine.

Nirudi kwa muuzaji, maana kuna jambo hukuuliza na linanitia hofu zaidi. Ukimwambia kuhusu HTTPS, huenda akajibu kwamba kifaa chake kinaifungua. Inawezekana. Namna yake ni kuweka cheti chake, hati ya kidijitali inayoiambia kompyuta imwamini nani, kwenye kila kompyuta, kisha kifaa kinajifanya ndicho benki, ndicho barua pepe, ndicho kila tovuti, kinasimbua kila kitu na kukisimba upya. Yapo mashirika yanayofanya hivyo kwa uangalifu, yana wataalamu wa kukilinda kifaa na kukisasisha, na yanaacha benki na hospitali bila kuguswa. Kifaa cha bei nafuu kilichofungwa na mtu anayeondoka siku hiyohiyo ni hatari tupu. Mwaka 2015 iligundulika kuwa programu ya Superfish, iliyokuja ndani ya baadhi ya kompyuta mpakato za Lenovo, ilitumia cheti kimoja chenye ufunguo wa siri uleule kwenye mashine zote. Ufunguo ukatolewa, na yeyote aliyeupata angeweza kujifanya tovuti yoyote mbele ya watumiaji hao. Kwenye maabara yako walimu wanaingiza matokeo ya mitihani na nywila zao.

Kwa hiyo mwulize yeyote anayekuja kuuza: je, kinafungua HTTPS? Kama ndiyo, ufunguo wa cheti unatengenezwa upya kwa kila mteja, na unahifadhiwa na nani? Orodha inasasishwa mara ngapi, na siku akiacha biashara itakuwaje? Kama kifaa cha majaribio kimeshafungwa kwenu, andika certlm.msc kwenye kila kompyuta, fungua orodha ya mamlaka za mizizi zinazoaminika (Trusted Root Certification Authorities), utafute cheti chenye jina la kifaa au la muuzaji, ukifute. Kisha badilisha nywila zilizotumika humo tangu siku kilipowekwa.