Wasomaji Wanauliza: Breki na Springi za Datsun 240Z Iliyolala

SWALI: Mzee wa safu hii, shikamoo. Marehemu baba yangu aliacha Datsun 240Z ya mwaka 1972, ambayo imesimama chini ya banda la makuti hapa Mombasa tangu mwaka 2010. Injini tumeiwasha na inanguruma vizuri, lakini pedali ya breki inazama hadi sakafuni, magurudumu ya nyuma hayazunguki, na ukilikandamiza gari upande wa nyuma linalia kama kitanda cha chuma. Fundi wangu anashauri tubadilishe pedi na shokapu, tujaze mafuta ya haidroliki kwenye kikombe cha breki kwa kuwa anayo tayari, kisha tuingie barabarani. Je, hayo yanatosha? Kama hayatoshi, nianzie wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Hayatoshi, na mafuta hayo ya haidroliki yasiingie humo hata tone. Sili za breki za gari hili ni za raba inayopatana na mafuta ya breki ya glaikoli, yale yanayouzwa kwa alama ya DOT 3 au DOT 4. Zikikutana na mafuta ya madini, yawe ya injini, ya stelingi au ya haidroliki, huyanywa, huvimba na kulainika mpaka pistoni ikabanwa ndani ya silinda yake, na hapo gari laweza kujishika breki lenyewe barabarani au likakosa breki kabisa. Kama fundi amekwisha kuyamimina, dawa si kuyamwaga na kuosha. Itakubidi utupe kila sili na kila mpira wa breki uliokutana nayo.

Ninamwelewa fundi wako, kwa sababu amezoea magari yanayotembea kila siku, na gari la namna hiyo huchakaa pale sehemu zake zinaposuguana, yaani kwenye pedi, diski na shokapu. Gari lako limekaa kwenye hewa ya pwani kwa miaka mingi bila kusogea, na adui yake amekuwa maji. Mafuta ya breki ya glaikoli hufyonza unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko cha kikombe. Mafuta mapya ya DOT 4 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Ukishuka mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu huku umekanyaga breki, mafuta yaliyojaa maji huchemka ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na kugeuka mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, mguu wako utafika sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Maji hayo hayo ndiyo yaliyotoboa vishimo vya kutu ndani ya silinda zako, na naamini ndiyo sababu pedali inazama.

Kwa hiyo anza na breki, tena anzia nyuma, mahali palipokataa kuzunguka. Kabla ya kufungua dramu, yaani bakuli linalofunika breki za nyuma, kumbuka kwamba viatu vya breki vya miaka ile, vile vinavyolisugua kwa ndani, vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Usilipulize kwa kompresa kama tulivyozoea kuona gerejini. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho ukitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Dramu yenyewe ni ya aluminiamu iliyovishwa pete ya chuma ndani, hivyo ukiigonga ukingoni kwa nyundo itapasuka. Legeza breki ya mkono kwanza, tia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kitovu, subiri hata siku mbili, kisha igonge taratibu kwa nyundo ya mbao katikati ya bolti za gurudumu. Ikishatoka, ipime. Kipenyo chake cha asili ni milimita 228.6, na ikikerezwa haifai kuzidi milimita 230. Diski za mbele nazo zilitoka kiwandani zikiwa na unene wa milimita 12.5, na zikifika 10.5 hazikerezwi tena, hununuliwa mpya.

Silinda ya gurudumu la nyuma katika Datsun hii ina tabia moja ambayo mafundi wengi wa leo hawaijui. Ina pistoni upande mmoja tu, nayo silinda nzima inatakiwa iteleze kwenye bamba la nyuma ili kiatu cha pili nacho kisukumwe. Kutu ikiigandisha hapo, kiatu kimoja hufanya kazi ya viwili, na gari huvutwa upande mmoja kila unapokanyaga. Toa vibati vinavyoishikilia, safisha njia yake mpaka chuma kionekane, paka grisi kidogo inayostahimili joto, na uhakikishe kwamba unaweza kuisogeza kwa vidole. Ndani ya silinda pitisha ukucha: ukikwama kwenye kishimo, usifikiri sili mpya itaziba. Ama ununue silinda mpya, ama uipeleke kwa mkerezaji anayeaminika aivishe mkebe wa chuma cha pua.

Kalipa za mbele usizitenganishe vipande viwili. Toa pistoni kwa hewa ya kompresa kidogo kidogo, ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati wala si vidole vyako, kwa sababu pistoni hutoka kwa kishindo. Masta silinda, yaani silinda kuu inayosukumwa na pedali, ni ya sehemu mbili, moja ikihudumia mbele na nyingine nyuma, na ndiyo maana pedali iliyozama mpaka chini inanishawishi kwamba sehemu zote mbili zimeharibika. Inunue mpya. Ninajua kuna vifurushi vya sili vya bei nafuu, lakini sehemu hii si mahali pa kubana matumizi.

Kisha mipira ya breki, ile inayounganisha bomba la chuma na gurudumu. Mipira ya zamani huweza kuonekana mizima kwa nje huku ndani imevimba na kubana njia, ikiruhusu mafuta yaende unapokanyaga lakini ikiyazuia yasirudi unapoachia; magurudumu yaliyokataa kuzunguka yaweza kuwa na sababu hiyo pia. Badilisha yote. Mabomba ya chuma yakiwa na kutu, tumia ya mchanganyiko wa shaba na nikeli badala ya shaba tupu, kwa kuwa shaba tupu hukomaa kwa mtikisiko na hatimaye hupasuka. Mdomo wa bomba ukunjwe mara mbili, na nati ziwe za milimita 10 zenye hesi ya milimita 1 kama zilivyo kwenye magari ya Kijapani. Fundi akikuambia ataliunganisha bomba lililokatika kwa kulichomelea, chukua gari lako uende kwingine.

Sasa tuje kwenye ule mlio wa kitanda. Nyuma ya 240Z kila gurudumu lina shokapu yake, au shokomzoba kama wanavyosema wengine, pamoja na springi na mkono mpana wa chini. Mkono huo umeunganishwa na nyumba ya beringi kwa pini moja ndefu inayopita ndani ya bushi mbili za raba, zile za kupokea mtikisiko kwenye maungio. Pini hiyo imewatoa jasho mafundi wa dunia nzima. Kutu huiunganisha na mikebe ya chuma ya bushi mpaka inakuwa kama kitu kimoja, na mtu asiyejua huipiga nyundo mpaka inavimba kichwani, na ikishavimba haitoki tena kwa heri.

Katikati ya pini kuna kipini kidogo cha kabari kilichokazwa kwa nati. Hicho hutoka kwanza, na kisipotoka, hata presi ya tani 20 haitaifaa kazi hii. Baada ya hapo mimina mafuta ya kulegeza kutu kila jioni kwa juma zima, pasha joto, ujaribu kuisukuma. Ikikataa, na kwa gari la pwani ninatarajia ikatae, ikate kwa msumeno pande zote mbili kwenye upenyo ulio kati ya mkono na nyumba ya beringi, uutoe mkono, kisha upeleke nyumba hiyo kwenye presi ili kipande kilichobaki kisukumwe kikiwa kimenyooka. Pini mpya bado zinatengenezwa na huagizwa pamoja na bushi zake. Wakati wa kurudisha, ipake grisi mwili mzima, ili atakayeifungua baada yako asikulaani.

Mbele kazi ni nyepesi zaidi. Springi ifungwe kwa kibanio chake maalumu kabla ya kulegeza nati ya juu. Kamba na waya havifai, kwa kuwa springi iliyobanwa ikifyatuka huua. Ndani ya mguu wa asili, yaani bomba linalobeba springi na shokapu, kulikuwa na mafuta na vali, na siku hizi vyote hivyo hutolewa na mahali pake hutiwa shokapu kamili iliyofungwa. Kabla ya kuitumbukiza, tia mafuta ya injini kidogo ndani ya mguu, yajaze nafasi inayobaki na kuhamisha joto kutoka kwenye shokapu kwenda nje. Angalia boljointi, ncha za tairodi na beringi ya juu ya mguu, na usisahau matairi, ambayo kama ni ya mwaka 2010 hayana maisha hata kama kashata zake zinang'aa.

Jambo la mwisho kwako ndilo ambalo hurukwa hata na mafundi wazuri. Bushi za raba zimeshikana na mikebe yake ya ndani na nje, na gari linapopanda na kushuka raba hujipinda. Ukikaza nati zake gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, basi siku gari likishuka chini raba itakuwa imekwisha kujipinda kabla ya safari kuanza, na itachanika mapema. Zikaze kwa mkono tu, shusha gari kwenye magurudumu, litikise, ndipo uzikaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

SWALI: Kaka, ninatengeneza 240Z kwa ajili ya safari ndefu za barabara za vumbi. Hapa Nairobi nimeambiwa kwamba kalipa za Toyota Hilux zinaingia moja kwa moja mbele, na kwamba bushi zote zibadilishwe ziwe za poliyurethani ngumu badala ya raba. Magari ya mbio za Safari Rally yalikuwa hivyo?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kuhusu Hilux umeambiwa kweli. Kalipa za pistoni nne za Toyota za magurudumu manne ya kuvuta za mapema miaka ya 1980 hufunga kwenye matundu yale yale, na zipo za aina inayokubali diski ya asili isiyo na matundu ya hewa. Swali langu ni unataka zikufanyie nini. Mafuta yanayohitajika kuzisukuma ni mengi zaidi, hivyo kwa masta silinda ya asili ya inchi 7/8 pedali itakuwa ndefu na laini, na wengi huishia kununua ya inchi 15/16 ya Datsun 280ZX. Tena nguvu ya mbele ikiongezeka huku dramu za nyuma zikibaki zilivyo, magurudumu ya mbele yatajifunga mapema kwenye changarawe, na gurudumu lililojifunga halikati kona. Mimi ningebaki na za asili zilizofanyiwa ukarabati kamili, pamoja na pedi nzuri na mafuta mapya ya DOT 4 kila mwaka.

Poliyurethani tumia utakako, isipokuwa mahali pamoja: ile fimbo inayounganisha mkono wa chini wa mbele na chasi. Fimbo hiyo inatakiwa icheze kidogo kila gurudumu linapopanda, na bushi ngumu pande zote mbili huinyima nafasi hiyo, ikajikunja mara maelfu mpaka ikakatika mwishoni. Weka raba hapo.

Na kuhusu Safari, ni kweli kwamba gari hili lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Lakini yalikuwa magari ya timu ya kiwanda, yakingojewa njiani na mafundi wenye spea. Wewe utangojewa na nani ukivunjika kati ya Namanga na Kajiado?

SWALI: Nimebadilisha kila kitu cha breki kwenye Datsun yangu, nimetoa hewa mara sita, na pedali bado ni kama sponji. Naomba msaada kabla sijaiuza.
Msomaji, Moshi

JIBU: Usiiuze. Chuchumaa kwanza utazame viskrubu vya kutolea hewa kwenye kalipa za mbele. Vikiwa upande wa chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia, na hewa iliyo juu haitatoka hata ukitoa mara sitini. Zibadilishane.

Zikiwa sawa, rudi nyuma ukarekebishe viatu mpaka viguse dramu kidogo gurudumu linapozunguka, kwa sababu viatu vilivyo mbali huipa pedali mwendo mrefu ambao mguu huudhani ni hewa. Kisha anza upya kwa gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la kushoto kwa gari la usukani wa kulia, na umalizie na la mbele kulia. Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta silinda ikiwa ni ya zamani, kuisukuma hadi mwisho huipeleka sili yake kwenye sehemu yenye kutu ambayo haikuwa imefikiwa kwa miaka, na huchanika papo hapo. Kama ni mpya na hukuijaza mafuta na kuitoa hewa ikiwa mezani kabla ya kuifunga, ifungue uanzie huko.