Usisaini Mkataba Ukiwa na Njaa

Juzi Jumamosi nimetoka Kariakoo kwa mchapaji, bajaji imejaa maboksi mpaka mimi nimekaa upande upande, kopi 400 za riwaya yangu ya tatu. Dereva akaniuliza, dada hizi ni Biblia? Nikamwambia hapana kaka, ni mapenzi. Alicheka huyo, kidogo atutie mtaroni.

Sasa hata boksi la mwisho sijashusha, ikaingia meseji ya mdogo wetu mmoja yuko Singida: "Shikamoo dada, kuna mtu anataka kununua simulizi yangu yote kwa laki tatu, nisaini?" Nikakaa palepale juu ya boksi. Hiyo laki tatu naijua, mimi niliila 2016.

Kipindi hicho nauza duka la stationari la mtu, kodi ya chumba naidaiwa miezi miwili, akatokea bwana na mkataba wa kurasa mbili. Nikasoma ya kwanza, ya pili nikasaini tu. Kumbe ya pili ndo ilikuwa na yale maneno, mwandishi amekabidhi haki zote. Kitabu kikatoka, jina langu wamekosea herufi, kikachapwa tena na tena mimi sijui hata mara ngapi. Siku moja nasafiri naenda Moro, nipo Ubungo ndani ya basi, machinga ananipitishia kitabu changu mwenyewe dirishani. Nikanunua kwa buku tatu. Hakuniteremshia hata mia.

Mdogo wangu, sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inasema kazi ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Yaani pale kaunta ya stationari niliuza mpaka cha watoto wa wanangu, kwa kodi ya chumba Tandale. Ukiuza, uza haki ya kuchapa tu, tena kwa miaka mnayokubaliana, haki za sinema na sauti baki nazo. Na usisome mkataba siku unayodaiwa.

Baada ya hapo nikahamia Facebook kama wengi wetu, sehemu 15 za mwanzo bure, zinazobaki buku mbili kwenye grupu la WhatsApp. Biashara ndo ipo huku siku hizi tusidanganyane, msomaji wa mapenzi anasomea simu, usiku, bando la kuungaunga. Simulizi ya pili ilinilipia kodi ya mwaka mzima! Ila nikafanya ujinga, nikamwaga pdf nzima siku ya mwisho saa tatu usiku, asubuhi ipo Telegram, namba yangu ya malipo imefutwa. Nikaingia kwenye grupu nikarekodi sauti ya dakika sita nikatukana kila mtu, na wasiohusika. Wateja 40 wakaleft. Hilo kosa sio la mwizi, ni langu. Siku hizi natoa kipande kwa kipande, mwisho wa hadithi naukalia, anayetaka yote anasubiri kitabu.

Na kitabu msikiogope jamani. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, mnaifanya kama viza ya Marekani, wakati unaenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi unaomba. Mhariri mlipe, usimpe shemeji yako mwalimu. Halafu kuna hii tabia ya kujidharau, eti sisi wa mapenzi sio waandishi. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi tangu itolewe mara ya kwanza 2023 ina kipengele cha riwaya, mshindi milioni 10, mbona hamtumi? Mnangoja nani awaruhusu? Mtu anakesha miezi nane anaandika halafu akiulizwa anafanya kazi gani anasema "nipo nipo tu". Acheni. Mimi nilisema nipo nipo miaka mitano, na waliokuwa wanajua thamani yangu ni wale waliokuwa wananiibia.

Huyo wa Singida nimemwambia asisaini, anitumie picha ya ukurasa wa pili kwanza. Mpaka sasa hajajibu, naona tiki mbili za bluu tu.

Halafu kwenye hizi 400 kuna kopi 11 ukurasa wa 97 umechapwa kichwa chini, yaani palepale Nasra anapofungua mlango. Hizo nauza buku nne badala ya kumi, wahi inboksi.