Kabla hamjagoma kula, semeni nani anawalisha

Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, simu yangu haipumziki. Niliwahi kuwa waziri wa mikopo katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja hapa Tabora, na ingawa nimemaliza siku nyingi, namba yangu bado inazunguka kwenye magrupu ya wadogo zangu. Ujumbe ni uleule: "Kaka, tumechoka kusubiri. Jumatatu tunagoma kula."

Siwakatazi. Nawauliza tu: nyinyi mnalishwa na nani?

Wengi hudhani nawatania. Lakini mgomo wa kula huwa na makali pale ambapo yupo mtu anayewajibika kuhakikisha umekula. Mandela na wenzake walipogoma kula Robben Island mwaka 1966, chakula kililetwa na askari magereza, na sahani zikirudi zimejaa mkuu wa gereza lazima ajue. Bobby Sands alifariki tarehe 5 Mei 1981 katika gereza la Maze, Ireland ya Kaskazini, siku ya 66 ya mgomo wake. Serikali iliyomfunga haikuweza kusema haikujua. Sasa wewe uliyepanga chumba Isevya au Cheyo, leo usipokula nani atajua? Mwenye nyumba anachosubiri ni kodi. Mkuu wa chuo hajui hata jana ulikula nini. Na tusidanganyane, bumu likichelewa wiki mbili tatu, watu kibao darasani wanashindia matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, waliyofungashiwa nyumbani na maji ya bomba. Mtu wa namna hiyo akitangaza kwamba hatakula, uongozi utaona tofauti gani?

Wakati wangu kuna wenzetu walijaribu. Walikaa chini ya mwembe mbele ya jengo la utawala, mabango mkononi, chupa za maji pembeni. Kutwa nzima hakuna kiongozi wa chuo aliyetoka kuwauliza chochote. Aliyekuja ni mama ntilie wetu, daftari la madeni kwapani. Alikuwa amepika wali maharage kama kawaida na sufuria imebaki vilevile. "Wanangu, mmegomea chuo au mmenigomea mimi? Mchele wenyewe nimekopa." Kimya. Akafungua daftari akaanza kusoma madeni jina kwa jina, kwa sauti, na aliyeshika bango kubwa kuliko yote ndiye aliyekuwa na deni refu kuliko wote. Watu walicheka mpaka wagomaji wenyewe wakacheka. Ila mama hakucheka, na alikuwa na haki: siku ile aliyeumia kwa mgomo ni yeye peke yake.

Bumu lenyewe lilikwama wapi? Hilo ndilo la kufuatilia kwanza, na ndilo wanaharakati wengi wa chuo hawana subira nalo kwa sababu halina kelele. Fedha ya Bodi ya Mikopo ina njia ndefu. Kwa anayeendelea na masomo, chuo lazima kipeleke kwanza matokeo yake ya mitihani, kuna majina ya kuhakikiwa, kuna kusaini. Inaweza kukwama Dar es Salaam, inaweza kukwama mezani kwa afisa mikopo hapo hapo chuoni, na inaweza kukwama kwa mhadhiri mmoja ambaye hajamaliza kusahihisha. La kwetu lilikuwa hilo la mwisho. Tuliandika orodha ya wote ambao hawajapata, jina, kozi na namba ya mtihani wa kidato cha nne, tukaipeleka kwa mshauri wa wanafunzi na nakala kwa Bodi, tukagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Ukiwa na nakala yenye muhuri, hakuna ofisi itakayokuambia haina taarifa. Matokeo yalipelekwa, bumu likaingia.

Sisemi barua hutosha kila mahali. Mwaka 1993 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waligoma kula siku 14 wakidai idara ya masomo ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Hawakupewa idara kamili, lakini walipata kituo cha masomo hayo chenye jina la César Chávez. Dai lao lilikuwa bayana, wa kulitekeleza alijulikana, na alijali sura yake mbele ya watu. Wanafunzi wa Beijing walioanza kugoma kula tarehe 13 Mei 1989 walikuwa wengi zaidi na waliungwa mkono na umati mkubwa. Wakubwa waliogomewa hawakuona haya. Usiku wa kuamkia Juni 4 wanajeshi waliingia na risasi.

Na hapa kwetu msisahau Oktoba 22, 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, wakagusia na mishahara minono ya wakubwa. Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300. Unaweza kuwa na hoja, ikakubaliwa, na bado ukafungashwa mizigo. Someni sheria ndogo za chuo chenu kabla ya kuchora mabango.

Mkiamua kugoma baada ya yote hayo, hapa nitakuwa mkali. Mwenye selimundu, kisukari, vidonda vya tumbo, mjamzito, au anayetumia dawa za kila siku asigome, hata akilia. Wasiseme wamezoea kufunga Ramadhani. Anayefunga anajua magharibi kuna futari. Maji yasikatike kamwe. Awepo mhudumu wa afya wa kuwapima presha kila siku, na mtu akianza kuchanganya maneno apelekwe hospitali bila kupiga kura. Wanaoenda mezani kujadiliana wawe wanakula vizuri, maana njaa humfanya mtu akubali lolote au akatae kila kitu. Na mwenzenu akitaka kuacha, aache, asiitwe msaliti.

Siku ya kumaliza ina hatari yake. Mwili uliokaa siku nyingi bila chakula ukipigwa ghafla na ugali na nyama, madini kwenye damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Waliogoma zaidi ya siku chache waanzie kula hospitalini, wapewe vitamini B1 kwanza, kisha chakula kidogo kidogo kadiri daktari atakavyosema. Hata huo uji wa kwanza usinywewe kwa ahadi ya mdomo: makubaliano yaandikwe, yawe na tarehe ya utekelezaji na sahihi ya mwenye mamlaka, na nakala moja ikae kwa mtu asiyesoma hapo chuoni.