Mombasa–Moshi kwa gari la kukodi: usitume pesa kabla hujakaa na dereva mwenyewe

Ndugu yangu usitume hizo pesa. Nimesoma ulichoandika mara mbili. Umeuliza gari gani litawatosha watu saba kutoka Mombasa hadi Moshi kupitia Voi na Taveta, mlale wapi, mle wapi, mlima Kilimanjaro unaonekana vizuri wapi, na babako mwenye miaka sabini na kitu atastahimili vipi. Maswali mazuri yote hayo. Lakini huko mwisho kabisa umechomeka kama kitu kidogo tu, ati kuna jamaa amekupa bei poa ya Noah na dereva ila anataka umalize pesa yote leo "gari lisije likachukuliwa". Nilipofika hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Mimi nilimtumia mtu kama huyo shilingi 38,000 za Kenya mwaka juzi, nimesimama Mwembe Tayari hapa Mombasa simu mkononi, na maneno aliyonambia ni hayo hayo, gari lisije likachukuliwa. Sikuwahi kuliona hilo gari. Dereva sikumjua hata jina. Nilichokuwa nacho ni picha tatu za Noah nyeupe kwenye wasap na sauti ya mtu anayeniita bosi kila neno la pili. Nikamuuliza tutasimama njiani? "Popote bosi." Gari linavuka hadi Moshi? "Hadi mlangoni bosi." Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri? "Hata kumi bosi." Mtu anayekubali kila kitu bila kuuliza hata swali moja huyo hana gari, ana simu tu, na hilo mimi sikulijua mpaka limenifika.

Siku yenyewe tumekaa barazani na mabegi tangu saa kumi na nusu, watoto wameamshwa, mamangu kavaa na buibui lake jipya, gari limefika saa nne kasorobo. Dereva ni kijana mpole, kashuka anatupokea mabegi, namuuliza mbona hivi ananitazama kwa mshangao, "Mimi nimeambiwa saa nne mzee." Kumbe yeye aliona kawahi. Nampigia dalali, yule niliyemtumia pesa, hapokei. Basi tumepanda, tumetoka Changamwe jua kali, malori mbele malori nyuma mpaka Mazeras, Mariakani kule kwenye mizani foleni haisogei, na hewa safi ya alfajiri tuliyokuwa tumeipangia safari ishapita zamani.

Mackinnon Road alisimama, hilo nampa haki yake, madereva wengi wakipita pale msikiti wa Seyyid Baghali lazima watoe chochote hata kama wana haraka vipi. Mamangu akatoa sadaka yake dirishani. Hicho ndicho kituo pekee tulichopata kwa hiari kutoka Mombasa mpaka Taveta, kwa sababu Voi tulikula tumesimama.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniuma mpaka leo, maana pesa inatafutwa. Mamangu kazaliwa Mwatate, kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge, babake alikuwa mkataji. Aliletwa Mombasa akiwa mtoto wa miaka tisa na hakuwahi kurudi tena. Safari yote hiyo kwenda Moshi, kwa bintiye aliyeolewa huko, mimi niliipitisha Taveta badala ya Lunga Lunga kwa ajili ya hicho kituo kimoja. Alikuwa kabeba halua ya kikapu, kaishika mapajani tangu nyumbani, hataki iwekwe chini wala kwenye buti, ati kuna rafikiye wa utotoni aliyebaki kule na kama hayupo basi watakula wanawe.

Tukaiacha Voi tukakata barabara ya Taveta. Lami nzuri, imenyooka, milima ya Taita imekuja mpaka karibu na dirisha upande wa kulia, kijani kibichi juu na mawe makubwa ya kijivu, na kijana kakanyaga mafuta. Tunakaribia Mwatate mamangu akasema taratibu, "Mwanangu, hapo mbele tusimame." Nikamwambia dereva. Akasema, "Mama nisamehe, nina harusi Kilifi kesho saa moja asubuhi, hili gari lazima lirudi usiku huu, na huko mbele giza likiingia ndovu wanakaa barabarani siwezi kupita." Mimi nikaanza kubishana naye, nimelipa, niliambiwa popote, yeye anasema mimi sikuambiwa hivyo, na katika kubishana kwetu dakika mbili tatu hizo mkonge ukaanza. Umeshawahi kupita pale? Ile mistari imepandwa imenyooka kabisa, gari likiwa linakwenda kila mstari unafunguka mbele yako mpaka mwisho kisha unafungwa na mwengine unafunguka. Nikageuka nyuma kumwambia mamangu subiri tunasimama. Kajipinda kwenye kiti, kaweka kiganja kwenye kioo, anaangalia mistari ile ikifunguka na kufungwa, na hakusema neno. Ikaisha. Akarudi akakaa sawa akaivuta halua karibu.

Halua ile ililiwa Moshi na watu wasiojua ilikuwa ya nani. Na tangu mwaka jana magoti yamemkatalia, safari ya nusu siku hawezi tena. Wanaotaka kucheka wacheke, ila wanirudishie hicho kituo kwanza.

Baki ya hasara ni hii. Tumefika Taveta jioni, mlima wote umefunikwa na wingu, watoto wananiuliza Kilimanjaro iko wapi nawaonyesha wingu. Kijana akaingia steji akazima gari. "Bosi mimi mwisho wangu hapa." Nilidhani ananitania. Akanifungulia sanduku la mbele akanionyesha karatasi za gari moja moja, bima ya Kenya tu, logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, kopi, barua ya mwenye gari hamna. Yeye kaambiwa Taveta na kalipwa pesa ya Taveta. Sisi tumelipia Moshi. Hiyo tofauti ya kati imeliwa na mtu aliyekaa Mombasa kwenye kivuli hajatoka hata jasho. Dereva yule simlaumu, nilimpa hata ya maji, kwa sababu na yeye kadanganywa vilevile. Tukalala gesti ambayo hatukuipanga, asubuhi tukapanda tuktuk na mabegi mpaka mpakani, upande wa Holili, Tanzania, nikachukua gari la kule kwa bei wanayotajiwa watu waliokwama, na wewe ukishaonekana una mama mzee na watoto wanne na mabegi chini, bei hiyo haina mjadala. Mpaka naweka mguu Moshi mfuko ulikuwa umetoka 61,000. Dalali alinijibu siku ya tatu. Alichoandika ni hiki: "Kwani Taveta si karibu tu na Moshi bosi?" Miaka miwili imepita na bado nikikumbuka hiyo "bosi" natetemeka.

Ndio nakwambia, pesa isitoke kabla hujakaa na dereva mwenyewe, yule atakayeshika usukani, na gari lenyewe liko mbele yenu. Si picha. Si "dereva wangu mzuri sana". Mtu na gari. Umsomee safari yako yote kituo kwa kituo, hapa dakika kumi, hapa nusu saa, hapa tunakula, hapa tunalala, na umwache yeye aseme. Utaona tofauti. Mwaka jana nduguyangu alikuwa anakwenda na familia yake njia hiyo hiyo nikamlazimisha tumtafute dereva kwanza, tukakaa naye Bondeni kwa kahawa na tangawizi, mzee mmoja kaizoea ile njia kweli. Tulipomwambia tunataka kuuona mlima akacheka. Akasema mkiondoka saa tatu hamuoni kitu, wingu linaushika kabla ya mchana, lalani Taveta mtoke nje jua linapochomoza. Kisha akauliza mzee mnaye? Ana sukari? Basi nitasimama Maungu na Voi na Maktau, msinambie kila saa. Halafu yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akasema gari hili lina karatasi za kuvuka lakini lile jeupe la jirani yangu halina, msije mkachukua lile kwa sababu ni rahisi. Maneno kama hayo dalali hawezi kukwambia hata umlipe mara mbili, kwa sababu hayajui.

Mkishakubaliana andika kwenye wasap hapo hapo mbele yake, vituo, saa ya kuondoka, mwisho wa safari ni Moshi mtaa fulani, mafuta ni ya nani, chakula na malazi ya dereva ni ya nani, na yeye ajibu "sawa". Kisha mpe nusu au chini ya nusu. Nyengine akiwafikisha. Akikataa hilo shukuruni muachane, magari yamejaa mji huu.

Karatasi za gari uzione kwa macho na si kuambiwa zipo. Logibuku yenyewe, na kama si jina la dereva basi barua ya mwenye gari inayomruhusu kuvuka nalo. Bima ya kadi ya njano ya COMESA, inayofanya kazi ng'ambo ya mpaka, maana ile ya kawaida ya Kenya ukishavuka haina kazi. Upande wa Tanzania kuna kibali cha muda cha gari la kigeni kinalipiwa pale pale, muulize dereva mapema nani anakilipa. Na nyinyi wenyewe, kitambulisho cha Kenya kinakupeleka Uganda na Rwanda lakini Tanzania hapana, kila mtu awe na pasi au ile hati ya muda ya kusafiria, na watoto pia, usidhani mtoto anapita kwa jina lako. Kadi ya homa ya manjano bebeni vilevile. Siku hizi Taveta na Holili ni kituo kimoja cha mpaka, mkienda Moshi mnamalizia yote upande wa Holili, kwa hivyo msihangaike kupanga foleni upande wa Kenya.

Kuhusu Noah kwa watu saba, inaingia lakini na mabegi mtabanana, chukua van kama mfuko unaruhusu. Usiku usikubali kabisa kutoka Voi kwenda Taveta, ile barabara inapita Tsavo, ndovu wa kule ni wekundu kama udongo wenyewe na taa za gari hazikuonyeshi mpaka umefika. Mchana ndio raha, reli ya zamani inafuatana nanyi, ile waliyoitandika Waingereza wakati wa vita vya kwanza ili wapeleke jeshi, na kabla hujaingia Taveta kuna kilima cha Salaita kimekaa peke yake uwandani, hapo walipigana na Wajerumani Februari 1916. Kidogo tu ukikitazama, lakini watoto wakiambiwa watanyamaza dakika tano. Mkilala Taveta mkapata asubuhi moja ya ziada nendeni ziwa Chala, maji yako chini kabisa ndani ya shimo la volkano na rangi yake inabadilika mkiwa mmesimama hapo hapo.

Hiyo asubuhi yetu ya gesti, ile ambayo hatukuipanga, nilitoka nje saa kumi na mbili kutafuta maji ya kunawa nikamkuta mamangu uani, kajifunga leso mbili, baridi, anatazama juu ya paa la mabati. Mlima wote uko wazi mpaka kileleni, theluji imeshika rangi ya waridi. Nikasimama naye. Saa mbili wingu lilikuwa limeshaanza kupanda.

Bei ya mwaka huu wengine watakwambia. Wewe leo mpigie huyo jamaa, mwambie unataka namba ya dereva na unataka kuliona gari kesho asubuhi. Akikwambia dereva yuko safarini, au simu yake imeharibika, au kwani huniamini, ushapata jibu lako. Na babako mketishe nyuma ya dereva, upande wa kulia, huko ndiko milima ya Taita itakuja na ndiko Kilimanjaro itakapotokea mbele yenu.