Anti, nafundisha nimevaa vituko na siku hainitoshi

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma udaktari mwaka wa tatu hapahapa Dar, nakaa Mbezi na mama. Kuna wadogo zetu 14 wa mwaka wa kwanza nawasaidia anatomia, lile somo la maumbile ya mwili, tulianza Jumatano tu sasa imekuwa kila siku jioni, na kwa joto hili mtu akikaa tu anasinzia, ndo nikaanza kuvaa vituko ili waamke, mara dera nimelichora mbavu, mara wigi la njano, na wanaelewa Anti, wanafaulu kweli. Shida ni mimi. Naamka saa kumi alfajiri niwahi siti ya daladala, saa mbili raundi wodini, mchana lekcha, jioni nafundisha, nafika home saa tatu usiku madesa yangu sijayagusa, test ya famakolojia, somo la dawa, nimepata 38. Juzi nimekimbilia wodini rangi ya usoni haijatoka vizuri, dokta akanitoa nje mbele ya wagonjwa. Mama anasema daktari havai kama katuni. Niache kufundisha au niache vituko?
Binti wa Mbezi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hilo la wodini, najua lilivyouma. Ila hapo dokta nampa haki yake, kutolewa mbele za watu ndo sijapenda. Mimi nimefanya unesi miaka mingi, mgonjwa aliyelala pale anasubiri majibu ya kipimo akiona uso una rangi anaingiwa na hofu, halafu wigi na dera ulilopanda nalo daladala limebeba vumbi la njia nzima. Vituko viishie mlango wa darasa. Weka kwenye mkoba kitambaa, sabuni na koti safi, basi.

Kufundisha usiache. Na vituko usiache, ila nguo ifundishe kitu, wigi la njano halifundishi chochote. Chukua ile brekio pleksasi, mtandao wa neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi, inayowatoa machozi kila mwaka. Shona riboni tano za vitenge rangi tofauti kwenye kola ya dera, hizo ndo mizizi ya C5, C6, C7, C8 na T1, neva tano zinazochomoza kwenye uti wa mgongo. Mbili za juu zifunge pamoja, ya katikati iache peke yake, mbili za chini zifunge, umepata vigogo vitatu. Kila kigogo kikate mbele na nyuma, vinakuwa vipande sita. Sasa vile vitatu vya nyuma vikusanye viwe kamba moja, ipitishe nyuma ya mkono mpaka kwenye kifundo, humo ndo inatoka neva ya rediali, ile inayofanya kiganja kinyanyuke. Mwambie mmoja aikate na mkasi pale katikati ya mkono wa juu, na wewe kiganja kiache kianguke, kining'inie. Hawatasahau, maana vijana wa bodaboda wanaovunjika mfupa wa hapo wanaletwa na kiganja kimelegea vilevile, na siku moja watoto wako hao ndo watakaowapokea.

Sasa tuongee kuhusu muda maana hapo ndo umekosea kabisa. Dera unavaa wewe, unaongea wewe, unachoka wewe, wao 14 wamekaa wanatazama! Wavishe wao. Jumatano moja wewe unaonyesha, inayofuata mmoja wao anavaa hilohilo dera anawafundisha wenzake na wewe umekaa nyuma unasahihisha tu, anayefundisha ndo anayeshika zaidi, wewe mwenyewe si unaona anatomia haikutoki kichwani. Wakigawana wawili wawili zamu zinatosha wiki saba, na siku zingine nne za jioni ni za famakolojia yako. Waambie leo, usisubiri wiki ijayo, utawaonea huruma. Wakilalamika waambie una 38 na hutaki supu, kurudia mtihani, wala usione aibu kuwatajia hiyo namba, nao test zinawasubiri.

Mama usibishane naye. Anaona mwanae anatoka alfajiri anarudi usiku na rangi usoni, hajawahi kuona kinachofanyika hapo katikati. Jumatano ya kwanza ya zamu zao mchukue mje naye, akae nyuma na wewe, aone mtoto wa watu anavyoonyesha kiganja kinavyoanguka.

Na riboni usinunue. Mafundi cherehani wa Kariakoo wanatupa vipande vya vitenge kila jioni, pita uwaombe kistaarabu watakujazia mfuko.